Muulize Fundi: Flashi kubwa, gorogoro ya kitako

Nyinyi watu wa Amu na Malindi mwezi huu mmeniandikia flashi tu. Nilidhani nitapata hata swali moja la printa, moja la TV, wapi! Ni Mfunguo Mosi, harusi zimefuatana, kila nyumba ina video na picha za kuweka mahali na simu zimejaa. Basi nimechagua chache, zinazofanana nimeziunga pamoja, na kama barua yako imekatwa usinune, ilikuwa refu.

SWALI: Assalam aleikum Fundi. Mwanangu ameninunulia flashi ya 2TB kwa shilingi 1,500, akanambia mama weka picha zako zote humu hazitajaa maisha. Nikaweka, na kwa simu nikazifuta nipate nafasi. Sasa picha za mwanzo zafunguka vizuri lakini za nyuma zimekuwa kijivu nusu, nyengine hazifunguki kabisa. Nifanyeje mwanangu?
Mama wa Majengo, Malindi

FUNDI: Wa aleikum salaam mama, shikamoo. Kwanza hiyo flashi itoe, usiongeze kitu humo wala usiifomati. Alafu shika simu, fungua pale kwa picha utafute sehemu ya takataka, manaake picha ikifutwa huwa haipotei siku ile ile, kwenye Google Photos hukaa siku 60 kama ilikuwa imeshapanda mtandaoni, na siku 30 kama ilikuwa kwa simu pekee. Zirudishe leo leo, barua hii utaimalizia baadaye.

Ushazirudisha? Haya, sasa nikwambie kilichotokea. Wajua ile gorogoro, mkebe wa kupimia mahindi sokoni, iliyobonyezwa kitako? Juu waiona imejaa mahindi mpaka yamwagika, ukifika nyumbani ukipima ni robo tatu. Flashi yako ni hiyo hiyo, tena ya kwako kitako kimebonyezwa mpaka karibu na mdomo. Ndani ya flashi kuna vitu viwili, kuna chipu ya kumbukumbu ambayo ndo ghala lenyewe, na kuna kijichipu kengine cha kuongoza, kama karani wa ghala, kazi yake kuiambia kompyuta "hapa kuna nafasi kadha". Wale wezi huchukua chipu ndogo, tuseme ya GB 32, alafu wamfundisha karani aseme uongo, aseme 2TB, yaani kama GB 2,000. Kompyuta haiwezi kuingia ndani ikahesabu, inamuamini karani. Wewe wakopi, mstari wa kijani watembea mpaka mwisho, hakuna kosa lolote, na majina ya picha zote wayaona yamepangika, kwa sababu orodha ya majina huandikwa mwanzo mwanzo wa flashi, pahali ambapo nafasi ipo kweli. Ghala likishajaa, picha inayofuata ama yatupwa ama yaandikwa juu ya nyengine, na karani bado asema sawa, lete. Kwa hivo zile za kijivu humo ndani hazipo mama, na fundi akikwambia lete elfu mbili nizitoe mwambie hapana asante.

Flashi ya 2TB ya kweli ipo, Kingston walitoa yao 2017, lakini huipati kwa bei ya kilo mbili za nyama. Na zile zinazoitwa "SSD 16TB", ati diski za nje za kuhifadhia, za bei ya kutupwa huko mtandaoni, watu wamezipasua wakakuta ndani kadi ndogo ya simu imegandishwa kwa gundi, mengine yote ni plastiki.

Nami sisemi haya kwa kuwa mjanja. Miaka ya nyuma nilinunua flashi ya "512" kwa mchuuzi pale karibu na feri ya Likoni, nina haraka, sikuuliza mara mbili, nikafika nyumbani nikamwaga humo picha za harusi ya mpwa wangu na kamera nikaifuta. Bibi harusi akitiwa hina mkono wa kulia yupo, mkono wa kushoto ni kijivu. Dada yangu hakunisemesha mpaka Idi, na mpaka leo kahawa yangu hunipa ya mwisho wa buli.

Tangu siku hiyo flashi haiingii kazini kwangu mpaka niijaze kwanza. Kuna programu ya bure yaitwa H2testw ya Windows, wale wa Linux na Mac wana F3, zote zafanya kazi moja: zaijaza flashi pomoni, kisha zasoma upya kila kilichoandikwa zione kama ni kile kile. Mwisho zakwambia ngapi nzima, ngapi zimepotea, uongo wa karani waisha hapo. Flashi iwe tupu na uwe na subira, manaake GB 256 kwa mwendo wa megabaiti 20 kwa sekunde ni kama saa tatu na nusu kuandika tu, na bado kusoma, iwashie usiku ukalale. Ukiwa dukani huna muda huo, iko programu yaitwa ValiDrive ya Steve Gibson, yenyewe hugusa sehemu 576 kutoka mwanzo wa flashi mpaka mwisho kwa dakika chache, si jaza jaza, lakini gorogoro ya kitako itaikamata. Na kabla hujalipa mwambie muuzaji, mimi naijaribu leo, ikiwa ya uongo naileta kesho, niandikie risiti. Ukiona amekunja uso ushapata jibu lako bila programu.

SWALI: Fundi mambo. Mimi napiga video za harusi na Maulidi hapa Amu, sa hii kila mteja ataka 4K. Nimenunua flashi ya GB 256, kuichomeka yasoma 238, nishaibiwa 18 hata sijaanza! Pili, boksi limeandikwa 150MB/s lakini kukopi harusi moja yanikesha usiku mzima. Ni mbovu ama?
Mpiga video, Langoni

FUNDI: Poa kaka. Hujaibiwa, hiyo ni hesabu tu za watu wawili wasiohesabu sawa. Kiwandani giga moja ni bilioni moja kamili, lakini Windows hugawanya kwa 1024 mara tatu alafu bado yaandika GB, kwa hivo 64 husoma 59 na ushei, 128 yasoma 119, 512 yasoma 476, na 1TB yasoma 931. Ichomeke hiyo hiyo kwenye Mac itasoma 256 kwa vile Mac yahesabu kama kiwanda. Huo si wizi, wizi tushauongea hapo juu.

Sasa mwendo. Ile 150 ya boksi ni ya kusoma. Ya kuandika, yaani kuweka vitu ndani ya flashi, huwa hawaitaji, na wewe kazi yako yote ni kuandika! Tufanye hesabu, kamera ikirekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde (biti nane ndo baiti moja), saa moja ni GB 45. Harusi ya saa nne ni 180. Flashi inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde itakula saa tano, ile inayoandika 100 ni nusu saa tu. Umeona? Zote mbili ni "256", zote mbili zang'aa kwa boksi, moja yakupa usingizi nyengine yakunyima. Kwa hivo dukani uliza kuandika ni ngapi, na kama boksi halisemi tafuta watu waliojaribu aina hiyo wanasema nini kabla hujatoa pesa.

Alafu angalia unachomeka wapi. USB 2.0 ni ya mwaka 2000, kwa karatasi megabiti 480, kwa kazi ya kweli megabaiti 30 mpaka 40 kwa sekunde ndo mwisho wake, hata ukichomeka flashi ya dhahabu. USB 3.0 ilikuja 2008 na gigabiti 5, na tundu lake mara nyingi lina ulimi wa buluu ndani. Usichanganywe na majina, 3.0 na 3.1 Gen 1 na 3.2 Gen 1 ni mtu mmoja amebadilisha kanzu, mwendo ni ule ule. Na jengine dogo ambalo watu hawaamini mpaka wajaribu wenyewe: flashi ya 3.0 ukiichomeka polepole kwa woga, kompyuta yaweza kuidhani ni 2.0, kwa vile vibati vya mwendo mkubwa viko nyuma ndani na vile vinne vya zamani viko mbele, vya mbele vikigusa mapema kompyuta yaanza kuongea navyo na vya nyuma havijafika. Ichomoe, ichomeke mara moja kwa nguvu za kawaida.

Ukiona yaanza kwa mbio alafu baada ya GB kadhaa yakwama kama punda aliyekataa, si lazima iwe mbovu. Flashi nyingi zina sehemu ndogo ya haraka hapo mwanzo, ikijaa mwendo washuka mpaka ule wake wa kweli, na zikipata moto pia hujipunguza zenyewe. Ya chuma ikiwa moto mkononi usiogope, lakini usiiweke juani juu ya laptopu.

Kwa kazi yako, kusema kweli, flashi si chombo cha kuhifadhia wala kuhariria. Nunua SSD ya nje moja nzuri ndo iwe ghala lako, flashi iwe ni bahasha tu, waweka kazi ya mteja wampa aende zake. Na kadi ya kamera usiifute mpaka kazi iko pahali pawili na umeifungua ukaiona ikicheza, si jina tu, ukaiona ikicheza.

SWALI: Redio ya tuktuk yangu ilikuwa yasoma flashi ya 8 vizuri, nimenunua ya 64 nijaze nyimbo na mawaidha, yakataa kabisa. Kwa kompyuta yasoma.
Dereva, Malindi

SWALI: Flashi ni ya 128 na ni tupu, lakini filamu ya GB 6 haingii, yasema faili ni kubwa mno. Ukubwa gani na flashi ni tupu?
Msomaji, Mpeketoni

FUNDI: Nyinyi wawili hamjuani lakini mwashikana shati kwa kitu kimoja, fomati. Flashi hupangwa ndani kama duka linavyopangwa rafu, na mpango wa zamani ni FAT32, kila kitu chaujua, redio, dekoda, TV za zamani, lakini hauwezi kubeba faili moja inayofika GB 4, hata nafasi iwe bwerere. Ndo wa Mpeketoni ukakwama. Microsoft wakaleta exFAT 2006, huo wabeba faili kubwa bila matata, ila redio nyingi za gari za bei rahisi hazijui exFAT ni mnyama gani. Ndo wa tuktuk ukakwama, flashi kuanzia 64 huja nyingi zimeshapangwa exFAT kutoka dukani.

Kwa hivo wa Mpeketoni ifomati exFAT, wa tuktuk ifomati FAT32, na kabla ya kufomati toeni kila kitu kwanza, kufomati ni kufagia. Ile sehemu ya kawaida ya kufomati ya Windows kwa miaka mingi imekataa FAT32 ikipita GB 32, tumia programu ya bure yaitwa Rufus, itakubali. Lakini dereva, nikuulize, 64 ya nini? MP3 ya kawaida ya kilobiti 128 ni kama megabaiti moja kwa dakika, GB 16 ni nyimbo za siku 11 usiku na mchana bila kuzima. Abiria wako anashuka Watamu, haendi Misri.

SWALI: Natembeza wageni Gede na baharini, nawapiga picha kisha nawapa kwa flashi. Wataliano wenye Mac wasema waziona picha lakini hawawezi kuongeza wala kufuta kitu.
Wa Watamu

FUNDI: Flashi yako iko NTFS, fomati nyengine ya Windows, Mac yasoma NTFS lakini haiandiki. Toa picha, fomati exFAT, kwisha. Na simu nyingi za Android pia hazipatani na NTFS, kwa hivo utakuwa umewasaidia wengi. Ukinunua nyengine chukua zile za vichwa viwili, upande mmoja USB ya kawaida, upande mmoja ile ndogo ya simu ya Type-C, mgeni achagua mwenyewe.

SWALI: Nimetoka saiba kuprinti, folda zangu zote zimegeuka shotikati na hazifunguki. Kuna proposo yangu ya chuo humo!!
Mwanafunzi

FUNDI: Tulia mdogo wangu, proposo ipo. Ni virusi vya siku nyingi, vimezificha folda zako na kuweka sanamu za uongo badala yake, na kila unapobonyeza sanamu wavisaidia kuingia kwa kompyuta nyengine. Usibonyeze tena. Chomeka kwa kompyuta yenye antivirusi iliyo hai, hata ile inayokuja na Windows yenyewe yatosha, iskani flashi yote, futa shotikati, alafu fungua ile dirisha nyeusi ya amri uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha hiyo E iwe herufi ya flashi yako. Folda zitatokea. Siku nyengine ukienda kuprinti jitumie PDF kwa imeli au nenda na flashi ndogo yenye faili hiyo moja tu, kwenda saiba na maisha yako yote mfukoni si uungwana.

SWALI: Fundi, yeo asubuhi nikishuka kwa mashua flashi imeniponyoka ikaingia ndani ya mayi, nikaipata lakini imekaa kama robo saa. Nimeiweka ndani ya mchele. Yatapona?
Nahodha, Shela

FUNDI: Hilo "mayi" lako limenikumbusha kwa bibi yangu, Mungu akuweke. Itoe kwa mchele nahodha, mchele upikeni. Maji peke yake hayaiui flashi, haina betri, ikiwa haikuwa imechomekwa hakuna umeme wa kuichoma. Adui ni chumvi, ikikaukia ndani yala vile vibati polepole, na unga wa mchele nao waingia kwa tundu wafanya uji.

Fanya hivi, na usiichomeke popote kwanza hata kwa kujaribu. Kama ganda lafunguka bila kuvunjika lifungue, humo ndani utaona kibao cha kijani kama ukucha wa kidole gumba. Kisuuze kwa maji ya chupa, si ya kisima maana visima vyetu vengine navyo vina chumvi yake, kisuuze mara mbili tatu, kisha kwa spiriti ile ya asilimia kubwa ya kusafishia simu kama fundi simu hapo mjini anayo, pigapiga kwa mswaki laini, alafu kianikwe kivulini mbele ya feni siku mbili. Si juani. Vile vibati vya dhahabu vya mbele kama vimeota kijani vifute kwa raba ya penseli polepole mpaka ving'ae. Ndipo uchomeke, na ikisoma usianze kufurahia picha, kopi kila kitu mara moja uhamishe. Flashi iliyokunywa bahari yaweza kufanya kazi wiki mbili kisha ikazima bila kuaga, hiyo baada ya hapo ni ya nyimbo tu.

Na hata zisizoanguka, hewa yetu ya pwani ina chumvi, flashi ikae na kifuniko chake ndani ya kikopo pamoja na vile vipakiti vidogo vinavyokuja ndani ya boksi la viatu.

SWALI: Marehemu nyanya yangu alikuwa akisoma tenzi, na babangu alimrekodi kwa kaseti, ziko kama 40 za saa moja moja. Nataka kuziweka kwa flashi zisipotee. Ninunue ya GB ngapi, na itakaa miaka mingapi?
Mjukuu, Mkomani, Amu

FUNDI: Barua hii nimeiweka mwisho ili niijibu bila haraka. Ukubwa si tatizo lako dada. Chukua redio kaseti inayocheza vizuri, safisha kichwa chake kwa spiriti na pamba kabla ya kaseti ya kwanza, kisha kila baada ya kaseti chache, toa waya kutoka tundu la hedifoni uingie tundu la maikrofoni la laptopu, na urekodi kwa programu ya bure ya Audacity. Jaribu dakika moja kwanza uteremshe sauti ya redio mpaka isipasuke. Hifadhi kama WAV, usianzie MP3, sauti ya mzee imeshachoka usiichoshe tena. WAV ya ubora wa CD ni kama megabaiti 10 kwa dakika, kaseti ya saa moja ni 600 hivi, zote 40 ni GB 24 au 25. Flashi ya 64 yabeba na yabaki.

Ila miaka mingapi, hapo ndo siwezi kukudanganya. Flashi hushika data kwa chaji ndogo ndogo za umeme zilizofungiwa ndani ya chipu, na chaji hizo huvuja polepole, tena kwa joto kama letu huvuja zaidi. Ukiitia sandukuni miaka kumi bila kuigusa waweza kuikuta nzima, waweza kuikuta tupu, na fundi anayekuapia kwa hili muogope. Kwa hivo nunua flashi mbili za kampuni tofauti, zijaribu zote kwa H2testw kama nilivomwambia mama wa Majengo, weka kopi kwa kila moja, na ya tatu kwa hadidiski ya nje au mtandaoni. Moja ikae kwako, moja mpe ndugu aliye Mombasa au Malindi, nyumba moja ikipata maji au moto nyengine ipo. Kila mwaka siku ya Idi mkikutana ichomekeni mumsikilize nyanya, tenzi moja mpaka mwisho, na mafaili yote uyafungue uone yacheza. Ikianza kusumbua hata kidogo usibembeleze, nunua nyengine uhamishe.

Andika majina ya mafaili vizuri, utenzi gani, nani karekodi, mwaka gani, manaake wajukuu wako watakuta "kaseti 17" na hawatajua ni nini. Na kaseti zenyewe usizitupe hata ukimaliza, zirudishe sandukuni zisimame wima, mbali na jiko na mbali na spika ya redio.